Kilima cha Nyuma ya Nyumba

Wenye nazo wakitaka kuteleza kwenye theluji huenda Vail, kule Colorado, na msimu ukipamba moto tiketi ya siku moja dirishani hupita dola 300. Ni haki yao. Baadhi ya vibanda vya kupandia mlima vina viti vya kupasha moto makalio, na intaneti juu yake, maana lazima ulimwengu upashwe habari kabla theluji haijakanyagwa.

Richmond, Vermont, mambo ni duni. Mwaka 1961, Mickey na Ginny Cochran walifunga kamba ya kuvutwa na mota kwenye kilima cha nyuma ya nyumba yao, watoto wao wanne wapate pa kufanyia mazoezi. Majirani wakajikaribisha. Leo mahali hapo panaendeshwa na shirika lisilotafuta faida, na kutoka chini hadi juu ni kama mita 100 tu. Unashika kamba, inakuvuta, glavu zinalika, umefika. Ukipiga chafya kileleni, aliye chini anakutakia afya.

Na hao wa kamba waliambulia nini? Binti yao, Barbara Ann, alitwaa dhahabu ya Olimpiki kule Sapporo mwaka 1972, kwa tofauti ya sekunde 0.02. Mjukuu wao, Ryan Cochran-Siegle, akaondoka na fedha Beijing mwaka 2022.

Nawe bwana wa kiti cha moto, endelea kutupia picha. Medali yako tunaisubiri.