Saa Janja na Gambuti Mbele ya Mizani

Kituo cha kununua chai, Kimulot, kaunti ya Bomet. Alasiri. Lori la kiwanda limechelewa, na magunia ya majani mabichi yamepanga foleni badala ya wenyewe, waliokwenda kujikinga na jua. Juu ya benchi amelala SAA JANJA, aliyevuliwa na kijana wa Nairobi aliyekuja likizo. Kijana amepanda mlima mmoja mbio na sasa mkono unamwasha. Chini ya benchi yupo GAMBUTI wa kushoto, mwenye kiraka cha tyubu ya baiskeli kisiginoni. Mama mwenye nyumba amemvua ili atoe kijiwe. Kwenye ndoano ananing'inia MIZANI, mzee wa kituo.

SAA JANJA: Chamgei, mama.

GAMBUTI: Mising, mwanangu. Habari za Nairobi?

SAA JANJA: Njema. Ila nakusikitikia. Leo hujafanya mazoezi.

GAMBUTI: Mimi? Nimetoka kabla umande haujakauka, nimezunguka shamba zima, nimeshuka mtoni, nimepanda hadi hapa na kikapu mgongoni.

SAA JANJA: Sikatai. Lakini hakuna aliyebonyeza "Anza". Kisichobonyezwa hakikufanyika.

GAMBUTI: Basi hata nilipozaliwa kiwandani hakuna aliyebonyeza. Nadhani sipo.

SAA JANJA: Usikasirike, mama. Mwendo wako umepitwa na wakati. Siku hizi ni vipindi: unajitupa kwa nguvu zote, unapumzika kidogo, unajitupa tena. Izumi Tabata wa Japani alitoa utafiti wake mwaka 1996. Sekunde 20 za nguvu, sekunde 10 za pumziko, mara saba au nane. Dakika nne umemaliza! Wewe dakika nne bado unatafuta mwenzako wa kulia.

MIZANI: Subiri, kijana. Hapa karani hupima gunia na majani pamoja, kisha hukata uzito wa gunia. Hayo uliyoleta tuyakate gunia kwanza. Hao waliopimwa ni akina nani?

SAA JANJA: Wanafunzi wa elimu ya michezo.

MIZANI: Si mtu anayeshinda ofisini na kupanda matatu. Kata. Kabla ya hizo dakika nne walipasha mwili moto?

SAA JANJA: Dakika kumi hivi.

MIZANI: Kata. Walifanya hivyo siku zote?

SAA JANJA: (kwa sauti ya chini) Siku nne kwa wiki. Siku ya tano walianza na nusu saa ya mwendo wa kadiri, ndipo vikafuata vipindi vichache.

GAMBUTI: Kumbe na wao walipitia kwangu!

MIZANI: Usicheke, mama, bado sijasoma mshale. Kijana, baada ya kukata kumebaki nini?

SAA JANJA: Kundi jingine liliendesha baiskeli dakika 60 kwa mwendo wa kadiri, siku tano kwa wiki. Baada ya wiki sita makundi yote mawili yaliongeza pumzi. Ila kundi la vipindi liliongeza pia uwezo wa kufanya kazi kali ambayo haisubiri hewa, kwa asilimia 28. Kundi la mwendo wa kadiri hapo halikupata kitu.

MIZANI: Hiyo ni kilo halali. Tunaiandika.

GAMBUTI: Ya Japani mmeandika, sasa andikeni ya nyumbani. Wilson Kiprugut Chumo, mtoto wa Kericho, Tokyo 1964, mita 800, medali ya shaba. Ndiye aliyeiletea Kenya medali ya kwanza ya Olimpiki. Mexico 1968 akarudi na fedha.

SAA JANJA: Dakika 1 na sekunde 45.9 kule Tokyo! Mama, hiyo siyo kasi ya gambuti.

GAMBUTI: Sijamaliza. Nani aliyemtangulia mbele kabisa siku hiyo? Peter Snell wa Nyuzilandi. Na kocha wake, Arthur Lydiard, aliwapeleka vijana wake kwenye milima ya Waitakere kukimbia kilomita 35 kwa mkupuo mmoja. Mtu wa mizunguko miwili ya uwanja anakimbizwa kutwa mlimani, na dhahabu anachukua! Mwendo mrefu ndio mama wa yote.

MIZANI: Na wewe una gunia, mama. Baada ya miezi ya milima, Lydiard aliwafanyisha nini mashindano yalipokaribia?

GAMBUTI: (anajikuna kiraka) Aliwashusha uwanjani. Spidi na mapumziko.

MIZANI: Kata.

SAA JANJA: Emil Zátopek sasa! Mtu wa vipindi hasa. Mita 400, tena na tena, makumi ya mara kwa siku moja. Helsinki 1952 akabeba dhahabu ya mita 5,000, ya mita 10,000 na ya marathoni.

MIZANI: Kati ya mzunguko na mzunguko aliketi?

SAA JANJA: Hapana. Alikimbia polepole.

MIZANI: Jumlisha mizunguko na hizo za polepole, uniambie kama huyo alimaliza kwa dakika nne. Alikuwa mtu wa mwendo mrefu aliyeukatakata vipande. Kata.

GAMBUTI: Basi mzee, anayejua ni nani?

MIZANI: Nenda Kaptagat ukaangalie wiki ya Eliud Kipchoge, aliyemaliza marathoni kwa saa 1:59:40 kule Vienna tarehe 12 Oktoba 2019. Jumanne uwanjani, vipindi. Alhamisi mbio ndefu. Jumamosi fatileki, kukaza na kulegeza njia nzima. Zilizobaki ni za polepole, mtu anapiga soga. Hakuna aliyeuliza vipindi vina ugomvi gani na mwendo mrefu. Ugomvi huo ni wa watu wanaosubiri kuanza.

SAA JANJA: Hao ni wanariadha. Mwenye mimi ana kitambi na mkopo.

MIZANI: Vizuri, tuseme ya kitambi. Shirika la Afya Duniani lilitoa bei mwaka 2020: kwa wiki, dakika 150 hadi 300 za mwendo wa kadiri, au 75 hadi 150 za nguvu, au uchanganye. Dakika moja yako inanunua mbili za mama. Huna sababu ya kumdharau, wala yeye hana sababu ya kukuogopa. Sasa nifungulie kumbukumbu. Mwenye wewe alifanyaje?

SAA JANJA: Alinivaa Januari. Wiki ya kwanza vipindi kila siku, nguvu zote. Nilimpongeza kwa fataki kwenye kioo! Wiki ya pili, kila siku.

MIZANI: Nguvu zote kila siku haziwezekani. Kipchoge mwenyewe haziwezi. Wiki ya tatu?

SAA JANJA: Goti. Wiki ya nne, mkutano. Februari nimehesabu hatua za kutoka kwenye kochi kwenda kwenye friji.

GAMBUTI: Ole wake.

MIZANI: Usimpe pole bado, mama. Kule Trondheim, Norwe, waliwachukua wazee zaidi ya 1,500 wa miaka 70 hadi 77, wakawafuatilia miaka mitano. Kundi moja vipindi mara mbili kwa wiki, moja mwendo wa kadiri mara mbili, la tatu liliambiwa lifuate tu ushauri wa kawaida wa serikali. Matokeo yalitoka 2020. Tofauti ya vifo kati ya makundi haikutosha kumtangaza mshindi. Na mwisho wa miaka mitano, kati ya waliopangiwa vipindi, karibu nusu tu ndio walioshika masharti. Kati ya waliopangiwa mwendo wa kadiri, vilevile karibu nusu.

GAMBUTI: Hata wa polepole walitoroka?

MIZANI: Hata wao. Kwa hiyo usidhani upole wako peke yake unamfunga mtu. Na tena wewe si mpole kama unavyojisifu. Mama akitoka shambani na wenzake, kwenye tambarare anaongea?

GAMBUTI: Haachi! Harusi, bonasi, mkwe.

MIZANI: Akianza kupanda kutoka mtoni, kikapu kikiwa kimejaa?

GAMBUTI: (baada ya kufikiri) Hapo husema "mm" tu.

MIZANI: Akifika juu?

GAMBUTI: Husimama, hushika kiuno, huhema. Kisha soga huendelea hadi mlima wa pili.

SAA JANJA: Lakini... hivyo ni vipindi!

MIZANI: Karibu Kimulot. Hapa hakuna tambarare ya kutosha kufanya kitu kingine.

SAA JANJA: Miaka yote hiyo, na hakubonyeza "Anza"!

GAMBUTI: Sasa nisikilize, mwanangu, kabla hujaenda Nairobi kuuza habari kwamba kuchuma chai ni dawa. Mgongo unamuuma. Bega la kikapu limeshuka. Hiyo ni kazi, haikupangwa kwa ajili ya moyo wake. Msimfanye tangazo.

MIZANI: Umesema kweli, mama, na hapo sikati hata gramu. Tujifunze kwake kitu kimoja tu: kwa nini haachi. Jani likipitiliza siku zake linakuwa gumu, na karani akilimwaga mezani anatafuta majani mawili na kichipukizi, gumu analirudisha. Jirani anamwita kwenye ua alfajiri. Lori linakuja, hata likichelewa. Jani halimuulizi kama leo anajisikia. Mwenye wewe ana nini kinachomwita?

SAA JANJA: Ana mimi. Hutetemeka mkononi nikimkumbusha.

MIZANI: Naye?

SAA JANJA: Hunizima.

GAMBUTI: Jirani hazimwi.

(Lori linasikika likikoroma kwenye kona. Watu wanatoka kivulini, kila mmoja anashika gunia lake.)

SAA JANJA: Mzee, basi nimwambie afanye kipi?

MIZANI: Mwambie atafute mlima mmoja na mtu mmoja wa kumgongea mlango. Jumanne wapande kwa kukaza, washuke wakihema, mara chache tu, halafu warudi nyumbani. Siku nyingine atembee akiweza kuzungumza. Na muda wote akiwa hapa likizo, kikapu cha mama akibebe yeye kutoka mtoni hadi kituoni.

GAMBUTI: Hilo la mwisho liandikwe kwa kalamu ya wino.

SAA JANJA: Kikapu? Sina hesabu ya kikapu. Nitakirekodi vipi?

MIZANI: Usirekodi. Kikifika nitakipima mimi.

SAA JANJA: Na mimi nitabaki na kazi gani?

GAMBUTI: Utatwambia ni saa ngapi, mwanangu. Tumesubiri lori mchana kutwa na saa tunayo hapa benchini, hakuna hata mmoja aliyejua limechelewa kiasi gani.