Tela Nalo Likalafatiwe

Mtu wa kisiwa cha Mafia hashushi jahazi majini kabla ya kulikalafati. Atapachika pamba kwenye kila mwanya wa mbao, atapaka mafuta ya sifa juu na deheni chini, na hata likishaelea bado atashuka tumboni kutazama kama linavuja. Mafundi wa Jibondo wamerithi kazi hiyo kwa babu zao na wanaiheshimu. Lakini mtu huyohuyo akipanda nchi kavu, akasikia pale Kilindoni kuna tela la trekta linaelekea Ras Mkumbi, anarusha gunia juu, anajirusha na yeye, safari imeanza. Hakutazama kitu. Mwongozo huu nimemwandikia yeye, na mwenye tela, na yeyote anayesema tela halina injini, likaguliwe nini?

Usiulize nauli kwanza. Uliza pini.

Tela halina injini, kweli, wala usukani, na mengi ya huku kwetu hayana hata breki. Ndiyo maana lahitaji jicho kali zaidi. Limeshikwa na trekta kwa pini moja tu. Inama uishike. Pini ya haki ni chuma kinene kilichojaa kwenye tundu lake, na chini kina kibanio cha kuizuia isiruke. Pembeni pawe na mnyororo wa akiba, ili pini ikikatika tela lisiende zake. Ukikuta nondo ya kujengea nyumba imekunjwa kichwa ikaitwa pini, teremsha gunia lako.

Nondo hiyo nimeiona kwa macho yangu. Tulikuwa tumepita Kanga, trekta limevuta nazi, na juu ya nazi watu wanne, mmoja mtoto wa shule. Palikuwa na kiteremko kidogo tu, ambacho mwenye baiskeli hakipigii breki. Tukasikia mlio kama bua linavunjwa, trekta likaenda mbele, sisi tukaenda kichakani. Nazi zilibingirika mpaka chini. Mtoto alisimama mwenyewe, daftari bado liko kwapani, kiwiko kinatoka damu. Nilirudi kuitafuta ile nondo mchangani. Ilikuwa imelika katikati hadi kubaki unene wa penseli, na sehemu kubwa ya mkato ilikuwa na kutu ya zamani. Maana yake ilianza kukatika siku nyingi kabla ya siku ile, na kila aliyefunga tela asubuhi aliishika kwa mkono wake.

Kutu ndiyo adui yetu mkubwa hapa kisiwani. Hewa ya chumvi haichagui mnara wa taa wala boliti. Kwa hiyo ukitoka kwenye pini, mfuate fundi wa kuchomelea alikopita: gonga maungio kwa jiwe dogo, sikiliza. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinanyamaza au kinamwaga magamba.

Halafu magurudumu. Shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, beringi imekwisha. Mkiwa mmesimama Kirongwe kupakia, sogeza kiganja karibu na kitovu cha gurudumu. Ukihisi joto kali upande mmoja kuliko mwingine, hapo hakuna grisi, na gurudumu linajiandaa kuwaacha. Upara kwa mzee ni heshima, kwa tairi ni ajali. Tena usidanganyike na kashata nzuri za tairi lililokaa juani miaka. Ubavuni tafuta tarakimu 4 za mwisho kwenye namba inayoanza na DOT: 2315 ni wiki ya 23 ya mwaka 2015. Tairi la tela mara nyingi ni lile lililostaafishwa kwenye gari.

Mzigo nao una adabu yake. Nazi 1,000 zenye makumbi hazipungui tani moja. Kwenye tela la ekseli moja, uzito uelemee mbele kidogo ya ekseli. Ukielemea nyuma, mkono wa kuvutia unanyanyuka, trekta linakosa kukanyaga vizuri, na tela linaanza kutikisa mkia kushoto na kulia. Nyuma pawe na viakisi vyekundu, maana usiku kwenye barabara yetu tela lisilo na taa halionekani mpaka bodaboda aligonge.

Sasa kazi ngumu: kumwambia dereva. Usimfokee.

"Shikamoo, mjomba. Naomba nitazame pini."

"Marahaba. Kwani umekuwa trafiki?"

"Hapana, mjomba. Mimi na mwanangu ndio mzigo."

Akikasirika, mkumbushe kwamba tela la mizigo si chombo cha abiria, na kwamba hospitali ya wilaya iko Kilindoni. Kutoka Ras Mkumbi ni kilometa zaidi ya 50, na lami tuliyo nayo ni ile fupi ya kwenda Utende.

Lakini abiria akague mpaka lini? Sheria ya Usalama Barabarani tunayo tangu 1973, na askari ana mamlaka ya kukizuia chombo kibovu. Kila mwaka Wiki ya Nenda kwa Usalama huja na stika zake. Boti zina mkaguzi wake, TASAC. Tela la kijijini liko katikati, si meli wala basi, na kila mmoja anadhani ni la mwenzake. Hata wakubwa hawajakubaliana: Uingereza gari dogo hukaguliwa kila mwaka likitimiza miaka 3, ila karavani inayovutwa nyuma yake haimo katika ukaguzi huo. Ujerumani karavani nyingi hukaguliwa kila baada ya miaka 2. Mimi niko na Wajerumani. Kinachoenda barabarani kwa mwendo wa gari kikaguliwe kama gari.

Ukaguzi uwe wa lazima, kila mwaka, kabla ya masika. Najua hofu ya mwenye tela, kwamba ni tozo nyingine. Hofu hiyo ina haki. Mtu akilazimishwa kuvuta tela bovu hadi Kilindoni ili aambiwe ni bovu, tumemweka hatarini mara mbili na kumla dizeli. Na stika ikibandikwa na mtu ambaye hajainama kushika pini, tumemuuzia karatasi. Ada iwe ndogo, mkaguzi awe na jeki na nyundo, na atakayekutwa na kosa apewe siku za kulitengeneza kabla ya faini. Pini mpya ni nafuu kuliko gunia la nazi zilizopotea kichakani.

Kwa hiyo ombi langu kwa askari wa usalama barabarani na halmashauri yetu ni moja: mkaguzi asitusubiri mjini. Aje Kirongwe, aje Kanga, afike na Bweni, hata siku moja kwa mwaka. Atangaze tarehe tu. Matela tutayapanga wenyewe pale Ras Mkumbi chini ya mnara wa taa, na mnyororo wa akiba wa kwanza nitaununua mimi.