Namna ya Kuagiza Chupa kwa Posta Ukiwa Piana-Mwanga

Kwanza, tafuta posta. Piana-Mwanga, huku Kongo, watu waliijua kwa umeme wa mto Luvua; kwa stempu sijasikia sifa. Basi andika anwani ya shemeji yako wa Kalemie, yule mwenye kiu.

Usiagize Marekani. Posta ya serikali yao imekatazwa kubeba pombe tangu 1909, na bado. Kwa hiyo wewe usiye na posta na mtu wa New York mwenye posta jirani, kwa jambo hili mko sawa kabisa.

Agiza Kigoma, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Chupa ikishuka gatini Kalemie, duane wanadai ushuru na akisizi, OCC, ofisi ya ukaguzi ya Kongo, wanahakiki ubora. Ndivyo sheria inavyosema. Lipa, na risiti uifunge kwenye kitambaa. Shemeji naye atahakiki ubora, kwa njia yake. Ukiwa na haraka, kuna ndege: abiria anaruhusiwa pombe kali lita 5, mradi isizidi asilimia 70. Zaidi ya hapo ni mafuta ya taa, na ndege ina ya kwake.

Sasa subiri. Kusubiri kunakausha koo, na hapa ndipo mwongozo unapoharibika, kwa sababu nyuma ya nyumba ya tatu kuna pipa juu ya moto. Ndani ni mahindi na muhogo uliochacha. Mdomo umezibwa kwa udongo, bomba linapita kwenye maji baridi, na lutuku, pombe kali ya hapa, inadondoka tone kwa tone. Mama mwenye pipa anamwaga kidogo kwenye kisoda, anawasha kiberiti. Moto wa buluu ukishika, mzigo uko tayari. Maabara hiyo haina foleni.

Ila ni haramu, ndugu yangu, tena haramu ya zamani: mkataba wa Saint-Germain wa 1919, uliotiwa saini na Ubelgiji, ulikataza kuchemsha pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, Kongo ikiwemo. Wanywaji hawakuulizwa. Kwa hiyo ya halali iko njiani, na ya haramu analeta mtoto, chupa imezibwa kwa gunzi, kabla hujamaliza kufunga kamba za viatu.

Na ile ya Kigoma ikifika hatimaye, nusu au tupu, usiitupe. Mama anatafuta chupa yenye kifuniko.