Namna ya Kuitambua Fuawe Kabla Haijakutambua Wewe

Kwanza, vaa vibaya. Ukienda kwa wauza vyuma chakavu na shati lililopigwa pasi, hata nati ya baiskeli itapanda bei. Toa salamu zote, uliza habari za watoto, kisha ulizia rimu. Fuawe usiitaje. Ukiiona, itazame kama unavyomtazama mkwe: kwa heshima, na si kwa muda mrefu.

Itakuwa chini ya kitu. Fuawe haiozi wala haibebeki kirahisi, kwa hiyo hakuna anayeitunza. Nimekuta moja ikizuia mlango wa banda la mbuzi, nyingine imekaliwa na bibi akichambua mchicha. Ya bibi iache. Hiyo imeshakuwa kiti.

Kipande cha reli kisikuchanganye. Pita Gerezani, Dar es Salaam, au Kamukunji, Nairobi, uone mafundi wanavyogonga vyuma juu ya reli, na kazi inakwenda. Reli nayo ina cheti chake: ubavuni, pale penye kiuno chembamba, kuna herufi zilizotuna zinazotaja kiwanda na mwaka. Ukikuta mwaka ni wa juzijuzi, rudisha mkono mfukoni na uage.

Fuawe ya Kizungu uliyoifuata ina pembe, uso bapa, tundu la mraba na, mara nyingi, tundu dogo la duara. Sugua ubavu kwa brashi ya waya, paka unga wa sembe, mulika tochi kutoka pembeni. Zikijitokeza herufi PETER WRIGHT, imetoka Dudley, Uingereza.

Zitafuata namba tatu, na hapa ndipo wasomi huumbuka. Yangu iliandikwa 1 2 10. Muuzaji akanieleza bila kupepesa macho kwamba huo ni mwaka.

"Mzee wangu, hii ni ya 1210. Ya Washirazi wa Kilwa."

Waingereza walipima uzito kwa namna ya kumkomoa mtoto wa shule. Namba ya kwanza zidisha kwa 112, ya pili kwa 28, ya tatu iache ilivyo, kisha jumlisha. 112, 56 na 10 ni pauni 178, yaani karibu kilo 81. Mizani ya muuzaji ilisoma 96. Nikamwonyesha hesabu yangu kwenye kiganja. Akasema hiyo ni mizani ya wakoloni, sisi tulishapata uhuru. Tukaelewana kwenye 90, kila mmoja akijua amemwibia mwenzake.

Kabla ya kulipa, igonge kwa nyundo ndogo. Ikilia kama kengele, vizuri. Ikinyamaza, huenda ina ufa, au huenda ni Fisher ya Marekani yenye nembo ya tai: mwili wa chuma cha kumimina, uso wa feleji. Hiyo imezaliwa kimya, usiidharau. Kisha dondosha gololi ya beringi juu ya uso. Ikiruka na kukaribia kurudi mkononi, toa pesa. Ikitua na kukaa kama nzi kwenye embe, uso umelainika, labda kwa moto wa banda lililoungua.

Na kwa jina la Mungu, asije kijana na grinda "kuusafisha kidogo". Uso wa fuawe nyingi za zamani ni bamba tu la feleji lililounganishwa juu ya chuma laini. Grinda ikishalila, utakuwa umenunua kizuizi cha mlango kwa bei ya ng'ombe.

Yangu iko sebuleni. Mhunzi wa mtaa wa pili alikuja kuiona, akaisifu sana, akanywa chai, akarudi kwenye reli yake. Mimi sijafulia juu yake hata msumari. Kwa maana ile nyingine, nimefulia kabisa. Anayeitaka aje na kikokotoo na vijana wanne. Mizani ninayo.