Jinsi ya Kugombea Uenyekiti wa Chama cha Uhusiano wa Kimataifa Chuoni, na Kushindwa kwa Heshima

Hongera. Umeamua kugombea uenyekiti wa chama cha uhusiano wa kimataifa hapo chuoni. Umefikia uamuzi huu baada ya kuvaa suti mara moja ukiiwakilisha Uholanzi kwenye Baraza la Umoja wa Mataifa la kuigiza, na baada ya mhadhiri mmoja kukuambia una hoja. Unaamini chama kinahitaji maono. Maelekezo haya ni yako. Yafuate kwa mpangilio, usiruke hatua, na usimwonyeshe mpinzani wako, ingawa yeye ameanza kuyafuata tangu wiki ya kupokelewa mwaka wa kwanza.

Kwanza, chagua cheo. Vipo vya kutosha: mwenyekiti, makamu, katibu mkuu, katibu mwenezi, mweka hazina, mkurugenzi wa itifaki na mkurugenzi wa mambo ya nje. Usiulize kama chama kizima ni cha mambo ya nje, hao wengine wanashughulikia mambo ya wapi. Uweka hazina haugombewi, kwa sababu hazina ni daftari. Gombea uenyekiti, maana ndicho cheo kitakachosomeka vizuri kwenye wasifu wako. Ila ukiulizwa kwa nini unagombea, usithubutu kusema "nataka". Sema "nimeombwa na wanachama". Anayeutaka uongozi huitwa mroho. Anayeombwa huitwa mnyenyekevu. Tahadhari: aliyekuomba asiwe mwenzako wa chumbani peke yake, maana ataulizwa, naye hajui kudanganya.

Pili, chukua fomu. Ichukue kwa mbwembwe, upigwe picha ukiipokea kwa mikono miwili, halafu usome masharti. Unatakiwa wadhamini ishirini waliolipa ada. Orodha ya waliolipa iko kwa katibu. Katibu yuko fildi Dodoma, na kompyuta yenye orodha yuko nayo hukohuko. Usikate tamaa; zunguka mabwenini chumba kwa chumba. Kisha jaza fomu kwa herufi kubwa, wino wa bluu, bila kufuta. Nukta moja ikikosekana, kamati ya uchaguzi itakuondoa kwa masikitiko makubwa. Ya mwenzako ikikosekana, ataazimwa kalamu. Tahadhari: ukisikia kuna mgombea amepita bila kupingwa, angalia kwanza kama mpingaji hukuwa wewe.

Tatu, jifunze siasa za ada. Kifungu cha 19 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kinasema nchi ambayo deni lake la michango limefikia kiasi cha miaka miwili kamili haitapiga kura katika Baraza Kuu, labda Baraza liridhike kwamba kushindwa kwake kulipa kumetokana na mambo yaliyo nje ya uwezo wake. Chama chenu nacho kina sharti la namna hiyo, na bumu, yaani fedha za mkopo wa masomo, kuchelewa ndilo jambo lililo nje ya uwezo wa kila mtu. Hivyo mwaka mzima wanachama hai hawajazi vimbweta viwili. Asubuhi ya uchaguzi wanafika mia. Usishangae, kuna msamaria amewalipia. Hiyo haiitwi rushwa, inaitwa kuhuisha chama. Ukiona uchaguzi umepangwa wiki moja kabla ya bumu kuingia, ujue aliyepanga tarehe hategemei bumu. Nawe lipia wachache kadiri ya uwezo wako, na uwanunulie chipsi mayai. Tahadhari: watakula kwa moyo mmoja na watakushukuru kwa dhati. Kura, kama unavyojua, ni siri.

Nne, nenda kawasalimie wazee wa chama. Wazee wana umri wa miaka 23. Ni viongozi waliomaliza muda wao na hawana madaraka yoyote, ila hakuna lifanyikalo bila wao. Utawakuta vimbwetani jioni. Shikamoo si lazima, lakini kaa mkao wa shikamoo. Eleza maono yako kwa kifupi, maana watakukatiza kukusimulia zama zao, chama kilipokuwa chama. Mwishoni watakuambia wewe ni kijana mzuri, ila bado mdogo. Hapo usilie, kumbuka historia. Mwaka 1981 Salim Ahmed Salim, akiwa na miaka 39, aligombea Ukatibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Marekani ikamzuia kwa kura ya turufu. China, iliyokuwa upande wake, ikamzuia mpinzani wake, Kurt Waldheim, duru kumi na sita mfululizo. Mwishowe kiti akakalia Javier Pérez de Cuéllar wa Peru, baada ya wale wawili kupisha. Jina la Salim leo limeandikwa kwenye kituo cha kufundisha diplomasia pale Kurasini. Tahadhari: wazee wa chama chenu wana kura ya turufu, ila hawana kituo cha kukupa jina lako.

Tano, ingia kwenye kundi la WhatsApp. Kampeni yote iko humo. Usitume uchambuzi wako wa kurasa nane kuhusu Bahari ya Shamu. Utajibiwa na mtu anayeuliza kama mtihani wa majaribio umeahirishwa. Tuma bango: picha yako umekunja mikono kifuani, unaangalia mbali kana kwamba umeona mkataba. Chini yake andika "Diplomasia kwa Vitendo". Mpinzani wako ataandika "Vitendo kwa Diplomasia", na watu watasema sera zake ziko wazi zaidi. Msimamizi wa kundi usibishane naye. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961, kifungu cha 9, unairuhusu nchi mwenyeji kumkataa mwanadiplomasia wakati wowote bila kueleza sababu. Msimamizi hajausoma, lakini anautekeleza neno kwa neno. Tahadhari: alama za makofi unazotumiwa kundini hazihesabiwi na kamati ya uchaguzi.

Sita, jiandae kwa mdahalo. Soma Mkataba wa Westphalia wa mwaka 1648 na dhana ya mamlaka ya dola. Zikariri nchi nane za Jumuiya ya Afrika Mashariki, na usisahau kwamba Jumuiya ya kwanza ilivunjika mwaka 1977. Yote haya ni ya kukutuliza moyo tu, kwani hutaulizwa hata moja. Swali litakuwa: "Mgombea, safari ya Arusha kuna posho?" Kila mgombea wa kila mwaka ameahidi kuwapeleka wanachama makao makuu ya Jumuiya. Chama hakijafika hata Chalinze. Nawe ahidi, tena ongeza basi lenye kiyoyozi, kwa sababu mgombea asiyeahidi Arusha huonekana hana mtazamo wa kimataifa. Kuhusu lugha, zungumza Kiingereza mpaka utakapotaka kueleweka. Ukibanwa, simama wima useme: "Nashukuru kwa swali zuri, nimelichukua." Tahadhari: mtu akisimama nyuma ya ukumbi na kusema "Mwongozo wa mwenyekiti," kaa chini. Hatafuti mwongozo, anakula dakika zako.

Saba, hesabu kura zako. Andika majina ya wote waliokuahidi. Toa waliosema "tuko pamoja", maana wako pamoja na kila mtu. Toa waliosema "usijali", kwa sababu wao hawajali. Toa na wale uliowalipia ada. Waliobaki ni wewe na mwenzako wa chumbani, kama hatakuwa na kipindi siku hiyo. Ukiongoza mapema, usiwapigie wazazi simu. Februari 2025, kule Addis Ababa, hayati Raila Odinga aliongoza duru ya kwanza ya uchaguzi wa mwenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika kwa kura 20 dhidi ya 18 za Mahmoud Ali Youssouf wa Jibuti. Duru ya saba ilipokwisha, Youssouf alikuwa na kura 33, theluthi mbili kamili iliyohitajika, na Raila alikuwa ameshajitoa. Nyuma ya Raila ilikuwepo serikali ya Kenya, iliyomnadi bara zima. Nyuma yako yuko kiongozi wa darasa la mwaka wa pili, naye anadaiwa kazi mbili za somo la takwimu. Tahadhari: kura zikianza kuhesabiwa na umeme ukakatika, wala usiwashe tochi ya simu. Utaona mambo.

Nane, shindwa vizuri. Hatua hii ndiyo utakayoimudu kuliko zote, basi ifanye kwa ustadi. Panda jukwaani, mkumbatie mshindi, sema ushindi ni wa chama. Ukinung'unika utaitwa hujakomaa kisiasa. Ukikata rufaa, itasikilizwa na kamati ileile, chini ya mlezi wa chama, ambaye yuko semina hadi muhula ujao. Wiki hiyohiyo utateuliwa mwenyekiti wa kamati ya maandalizi. Ukubali. Kazi ni kuandika barua ya kuomba ukumbi, kuifuatilia ofisi tatu, kisha kubeba viti. Mshindi atafungua kongamano, atapigwa picha na mgeni rasmi, na atakutaja katika shukrani kwa jina lililokosewa. Usimwonee wivu. Amerithi deni la fulana za uongozi uliopita, na mwenye duka anamfahamu kwa sura. Tahadhari: ukikosa mihadhara kwa ajili ya viti, Senati haina mkurugenzi wa itifaki wa kukutetea. Kuna wanadiplomasia wengi waliodisko.

Mwakani utakuwa mwaka wa tatu na katiba haitakuruhusu kugombea tena. Hapo ndipo cheo chako kitakapokuja chenyewe, bila fomu wala wadhamini: utakuwa mzee wa chama. Jioni moja atakufuata kijana wa mwaka wa pili, kavaa suti ya kuazima, na ana maono. Msikilize, mkatize katikati, msimulie zama zako. Kisha mwambie ni kijana mzuri, ila bado mdogo. Na kama ana hela, akununulie chipsi mayai. Kura yako mpe mwingine.