Mwavuli Jangwani

Siku tuliyokuwa tunapakia mizigo Muscat kwenda jangwani, shangazi alitoka ndani na vitu vitatu: dele la kahawa, mkoba wa dawa, na mwavuli mweusi wenye mpini wa mbao. Nikacheka. Nikamwambia, "Shangazi, tunakwenda Ramlat al-Wahiba, hatwendi sokoni Darajani." Akaniangalia kama anavyomwangalia mtu aliyetia chumvi mara mbili kwenye mchuzi. "Mimi mtoto wa Unguja, nimezaliwa Mlandege," akasema. "Sitoki nyumbani bila ya mwavuli." Akauweka kiti cha nyuma, akaufunga mkanda.

Kabla hamjanihukumu, nijitetee. Mimi nimekulia Unguja, na mtu wa Unguja hatishwi na mvua. Kwetu hunyesha zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Muscat mwaka mzima hupata kama 100, na zikianguka watu hutoka nje kupiga picha. Kwa hiyo siku mbili kabla ya safari, shemeji alipotuonyesha kwenye simu yake duara la buluu linalokuja kutoka upande wa Iran, akasema hilo ni munkhafadh, dhoruba ya majira ya baridi, mimi ndiye niliyepaza sauti kuliko wote. "Milimita 20? Hiyo kwetu ni mvua ya kuoshea vyombo." Mjomba, amiri wa safari, aliipenda sana kauli hiyo. Aliirudia kwa kila aliyetaka kuahirisha.

Tulikuwa watu 11 katika magari matatu. Mimi ni mgeni wa miaka miwili tu hapa. Wao ni watu ambao wazee wao waliondoka Unguja baada ya 1964, wakapokewa Oman Sultani Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970. Kiswahili chao kimehifadhiwa vizuri kuliko changu. Garini tulizungumza Kiswahili, petroli tukanunua kwa Kiarabu, na hema tukaligombania kwa lugha zote mbili.

Bidiya, zaidi ya kilomita 200 kutoka Muscat, ndiyo mlango wa mchanga. Hapo lazima utoe upepo matairini ili yatandazike kama nyayo za ngamia, vinginevyo gari linazama. Shemeji akachuchumaa na kipimo chake, akashusha kutoka psi 35 mpaka 16, tairi moja moja, matairi yote 12. Niliuonea uchungu upepo ule kupotea bure. Sikujua kwamba tungerudishiwa usiku, pamoja na faida.

Jangwa lenyewe ni zuri, sitaki kulisingizia. Ni kama kilomita za mraba 12,500, yaani Unguja inaingia zaidi ya mara saba. Matuta yake yamelala kaskazini kwenda kusini kama mawimbi yaliyoambiwa yasimame, mengine yana kimo cha mita 100 hivi, na rangi yake jioni ni ya mdalasini. Katika nafasi yote hiyo, mjomba alichagua shimo. Yeye aliliita bonde. Lilikuwa limezungukwa na matuta pande tatu, chini limekaa kama karai, na katikati pana mti mmoja wa ghaf. "Hapa upepo hautufikii," akasema.

Sasa hema. Lilikuwa la watu wanane, na vigingi vyake vilikuwa vya waya, vyembamba kama sindano za kushonea magunia. Kwenye ardhi ya kawaida unahitaji nyundo. Pale uliviingiza kwa kidole kimoja, ukavitoa kwa hicho hicho. Tulipigilia vigingi 16 kwa bidii kubwa, kila mmoja wetu akijua moyoni kwamba tunapigilia uji.

Karibu na magharibi akaja bedui na pikapu, amebeba majani ya ngamia wake. Akatusalimu, akatuuliza habari, tukamuuliza habari, habari zikaenda na kurudi kama dakika kumi, akanywa kahawa finjani tatu, akaitikisa finjani kuonyesha kwamba imetosha. Hapo ndipo alipoligeukia hema. Hakucheka, na hilo ndilo lililotuumiza. Alichukua gunia tupu la mchele, akalijaza mchanga, akafunga kamba, akachimba kwa mikono mpaka kwenye kiwiko, akalizika. Akavuta kamba. Haikutikisika. "Fanyeni hivi pembe zote," akasema, "na usiku laleni garini." Tukamshukuru sana. Magunia matupu tulikuwa nalo hilo moja tu. Kuhusu kulala garini, mjomba alisema mabedui wanapenda kututisha watu wa mjini.

Upepo ulianza saa mbili na nusu za usiku, pilau ikiwa jikoni.

Ulikuwa upepo wa kaskazi. Wasomaji wa pwani watanielewa: ndio ule ule uliokuwa ukijaza matanga ya majahazi kutoka Sur, bandari iliyo upande huu huu wa Oman, mpaka Unguja, tangu Desemba hadi Machi. Babu zake shemeji walisafiri nao. Hema letu nalo likakumbuka asili. Mimi nilikuwa ndani peke yangu, nimeambiwa nishike nguzo ya kati "kidogo tu", na ghafla nikaona vigingi 15 vinatoka kwa zamu, tik, tik, tik, kama vifungo vya shati la mtu aliyeshiba. Hema likavimba. Likanyanyuka. Nikabaki nimening'inia kwenye mlingoti kama baharia, visigino vinachora mistari mchangani, nikijiambia kwamba kama halikatiki basi alfajiri nitakuwa Nungwi. Kilichonizuia nisirudi kwetu bila pasipoti ni lile gunia moja la bedui. Pembe ile haikusogea hata unyoya.

Halafu mvua. Yakhe, ile si mvua ya kwetu. Mvua ya kwetu inanyesha kutoka juu kuja chini, inajulikana ilipo. Hii ilikuja ubavuni, imechanganyika na mchanga, inakupiga shavu la kulia wakati unalifuta la kushoto. Watu wakatawanyika kila mmoja na godoro lake. Katika vurugu hiyo nikasikia sauti ya shangazi, tulivu kabisa, "Mwanangu, njoo ushike hapa."

Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kukunja kando ya jiko, amekunjua mwavuli. Hakujifunika mwenyewe, alikuwa ameifunika sufuria.

"Shangazi, utarowa!"

"Mimi nikirowa nitakauka. Pilau ikirowa ni uji. Shika."

Nikashika. Nilisimama pale mvuani kwa muda ambao shangazi anauita robo saa na mimi nauita ujana wangu. Kila umeme ulipomulika niliona mambo matatu: mti wa ghaf, hema limelala ubavu kama ng'ombe, na uso wa shangazi unasubiri nikasirike ili anikumbushe Darajani. Pilau ilipoiva tu, upepo uligeuka, ukaingia chini ya mwavuli, ukaupindua ukawa bakuli. Mbavu nne zikavunjika kwa mpigo. Kila radi ilipopiga nilikumbuka pia kwamba kitu kirefu kuliko vyote pale shimoni, ukiutoa mti, ni mimi na fimbo ya chuma mkononi.

Tukalala garini. Katika gari letu, mjomba alipewa kiti cha mbele kwa sababu ya umri, gunia la makaa likapewa kiti cha pili ili lisirowe, na mimi nikakunjwa nyuma baina ya magodoro na masufuria. Pilau tuliila gizani kwa mikono. Ilikuwa na mchanga. Ukiitafuna, nayo inakutafuna. Lakini haikurowa, na sikumsikia mtu hata mmoja akilalamika mbele ya mpishi. Mjomba alikoroma mpaka alfajiri, akishindana na ngurumo, na mara mbili alishinda.

Asubuhi mbingu zilikuwa safi kama hazikufanya lolote. Mchanga uliorowa ulikuwa umegeuka rangi ya kahawa na kuwa mgumu, magari yakapanda matuta kama yako kwenye lami. Hilo ndilo jema pekee nililoliona la mvua jangwani. Tulipofika karibu na Bidiya tukakuta polisi wamefunga njia. Wadi ilikuwa inashuka, maji rangi ya chai ya maziwa, yamebeba matawi ya mitende na tangi la maji tupu. Oman kuvuka wadi inayotiririka kwa gari ni kosa la jinai, na hapo sina mzaha: watu hufa, na maji yaliyofika nusu ya tairi yanatosha kulichukua gari. Tulingoja kwa muda wa saa tano. Shangazi akatoa kahawa kwa foleni nzima, na kwa kila aliyekuja kuchukua finjani alieleza kwa Kiarabu fasaha jinsi kijana wake kutoka Unguja, anayezijua sana mvua, alivyomcheka kwa kubeba mwavuli. Walinitazama mmoja mmoja. Nilikuwa bado sijajua kwamba nusu ya uso wangu ni makaa.

Mwavuli uko kwangu, nimeagizwa niutengeneze. Nimeizunguka Ruwi yote, hapa Muscat. Mafundi wa simu wapo, wa saa wapo, wa viatu wapo, hata wa kurekebisha dele wapo. Wa miavuli hakuna. Wananiambia hapa mvua hainyeshi. Unguja nakwenda mwezi wa tatu, kabla ya masika kuanza. Mwenye kumjua fundi wa miavuli Darajani, aniambie yuko duka gani. Mbavu nne tu, mpini bado mzima.