Inyweshe Dawa, Uza Kabla Haijakohoa

Mulamwa, hongera. Umeshuka Shianda Disemba hii na Probox yako, na kuanzia steji hadi kwa wakwe hakuna ambaye hajaiona. Kuna tatizo dogo tu: injini inadai oili mpya, nawe huna hamu ya kununua kitu ambacho hakuna atakayekiona. Oili inaingia gizani. Chupa ya dawa ya injini, ile ya kumimina kwenye tangi, ina picha ya miali ya moto na maandishi ya dhahabu. Basi fuata hatua hizi.

1. Nunua hadharani. Usitume mtoto. Nenda kituo cha mafuta wakati vijana wa bodaboda wamejaa, isome lebo polepole, kisha mimina mwenyewe ukiwa umekunja uso kama daktari. Lebo itasema dawa huongeza maisha ya injini. Usiulize kwa muda gani. Chupa tupu iache juu ya dashibodi, jina likitazama nje.

2. Mwepuke fundi. Huyo atakuharibia raha. Atakwambia petroli hukaa ndani ya silinda kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho, kisha inaungua pamoja na dawa yako. Atakwambia kinachoila injini ni vumbi la barabara za murram zinazokata mashamba ya miwa, linalopenya filta ya hewa iliyochoka na kusugua ringi na kuta za silinda. Tena ni oili iliyogeuka lami kwa sababu sevisi imeahirishwa tangu Pasaka. Kwamba beringi za kranki zinalindwa na oili, na dawa ya kwenye tangi haina njia ya maana ya kuzifikia hata ukiimwaga kwa debe. Kwamba pesa hizo zingetosha filta.

Lakini msikilize hadi mwisho, maana kuna jambo moja atalikubali: baadhi ya dawa zina sabuni, na zile zenye kemikali iitwayo polyetheramine husafisha kweli nozo zilizozibwa na masizi. Gari lililokuwa likikatakata mwendo huweza kutulia. Huo ni ukweli mdogo, uchukue, uutanue. Nozo zimesafishika, basi na ringi zimepona. Akianza kueleza kwamba kuna injini zinazonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na kwamba humo sabuni haigusi kabisa valvu za kuingizia hewa, kumbuka una simu ya haraka ya kupokea.

3. Lipa mara mbili. Petroli inayouzwa huku hushushwa Mombasa, hupita kwenye bomba la Kenya Pipeline, kisha malori huichota kwenye ghala kama za Kisumu na Eldoret. Ndani ya bomba hakuna ya Shell wala ya Total. Kampuni inayouza petroli yenye dawa, kama V-Power, huongeza dawa yake baadaye. Ukinunua hiyo, sabuni umeshailipia. Ongeza chupa juu yake hata hivyo.

4. Ukiombwa ushahidi, usitaje Slick 50. Hiyo ilikuwa dawa ya kutia kwenye oili, na mwaka 1997 wenyewe walikubaliana na Tume ya Biashara ya Marekani waache kuisifu kwamba hupunguza kulika kwa injini bila ushahidi. Taja risasi. Iligunduliwa mwaka 1921 kwamba inatuliza petroli isigonge ndani ya injini, na kweli ilikinga viti vya valvu. Iliharibu pia akili za watoto, ndiyo sababu petroli yenye risasi ikaondolewa Kenya na jirani zake kufikia mwisho wa 2005. Sehemu hii ya mwisho iseme kwa haraka.

5. Sasa uza. Hapa ndipo dawa inapolipa. Moshi wa buluu ukianza kutoka nyuma, oili inaungua na ringi zimekwisha. Usifikirie ovahol. Tafuta dawa ya aina nyingine, ile nzito inayovutika, umimine kwenye oili. Haitarudisha chuma kilicholika, ila uzito wake utajaza nafasi iliyobaki: kelele itashuka na moshi utapungua. Ni kwa siku chache, lakini siku chache zinatosha kwa mtu mwenye simu.

Mnunuzi aje saa nane mchana, kamwe asije alfajiri. Injini baridi haijui kudanganya. Uipashe moto kabla hajafika, na aikute tayari inanguruma. Akitaka kuchomoa dipstiki, mpe soda. Akitaka kufungua kifuniko cha oili injini ikiwa inazunguka, muulize habari za mama yake, maana moshi utakaopumuliwa pale hauna maelezo. Akija na fundi wake, huzunika. Mkumbushe kwamba nyinyi ni watu wa ukoo mmoja, na mtu haletewi fundi na ndugu yake.

6. Ikifia mikononi mwako, laumu. Kisingizio kwamba kituo kilikuuzia mafuta ya taa kimezeeka kidogo: yalichanganywa sana na dizeli yalipokuwa ya bei nafuu, hadi Septemba 2018 serikali ilipoyaongezea tozo ya shilingi 18 kwa lita ili faida iishe. Isitoshe, EPRA, wadhibiti wa mafuta, wana vipimo vya kugundua mchanganyiko, na kituo unachokituhumu kinaweza kuomba vitumike. Na Probox yako inakunywa petroli.

Afadhali useme jirani mwenye wivu alitia sukari kwenye tangi. Katika nchi ya miwa utaaminika upesi, ingawa sukari haiyeyuki kwenye petroli. Hukaa chini ya tangi, na ikizidi sana itaziba filta. Hakikisha tu jirani huyo si yule uliyemuuzia gari lako la kwanza. Huyo ana sababu.